Nyasi Zilizochelewesha Mbuzi

Dandora Awamu ya Nne,
Nairobi.
Jumapili, 16 Februari 2025

Mdogo wangu Wavinya,

Pokea salamu zenye harufu ya vitunguu, kwa maana ninakuandikia nikiwa jikoni, na jikoni kwetu ni hatua moja kutoka kitandani. Mgongo wa Mwaitu, mama yetu mpenzi, unaendeleaje? Dawa ya kuchua nimempa Nzau ailete, na umwambie Mwaitu ni yake, si ya ndama. Baba sijui nimsalimie au nimwache kwanza. Wewe msalimie, halafu umtazame usoni, uniambie.

Mimi ni mzima, na zaidi ya mzima. Wavi, ndoa ni tamu! Kila asubuhi Job huamka kabla yangu, huchemsha chai, huifunika kwa sahani isipoe, halafu hunibusu kwenye kipaji cha uso akidhani nimelala. Mimi huwa macho. Nafumba tu ili asiache. Hata moshi wa jaa la taka ukivuma kuja upande wetu, nauona kama ukungu wa kwetu Kilungu. Najua unacheka. Cheka.

Uliniuliza kuhusu fungate. Mimi nilijua tungeenda Naivasha, hata kwa siku moja, nione viboko. Job akasema, "Mrembo wangu, nitakupeleka pazuri kuliko Naivasha. Jumatatu." Nikavaa gauni la samawati na vile viatu vyeupe nilivyovaa siku ya cheti cha ndoa. Wavi, alinipeleka kazini kwake! Unajua yeye ni kedi pale Highfield, ule uwanja wa gofu wa mashindano makubwa; huwabebea wachezaji begi la fimbo na kuwaelekeza. Jumatatu wanachama hawachezi, kwa hiyo makedi huachiwa uwanja wacheze wao. Alinitembeza mashimo yote kumi na manane. Kwenye shimo la tano kisigino cha kiatu kikang'oka. Alikiokota, akakitia mfukoni kwa heshima, akaendelea kunionyesha mteremko.

"Job, hii ndiyo fungate?"

"Ngoja ufike la kumi na nne."

"La kumi na nne lina nini?"

"Ngoja ufike."

Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba nilifika la kumi na nne nikiwa nimeshika viatu mkononi kama mtu anayekimbizwa. Halafu nikasahau viatu. Unasimama juu ya kilima, chini kuna kijito kinachokata uwanja kwa mshazari, ng'ambo yake kuna ile sehemu laini iliyonyolewa inayozunguka shimo, wanayoiita grini, na jua limeilalia yote. Job alisimama karibu nami, akanishika mkono. Nilidhani nitalia. Sijui kama ni kwa ajili ya mahali au ni kwa ajili ya mkono.

Sasa jambo lenyewe. Najua Baba alitaka ntheo, wale mbuzi watatu wa mila, iletwe Machi. Najua bila wale mbuzi, mimi machoni pake si mke wa mtu. Ni msichana aliyetoroka na karatasi ya serikali. Tena najua wewe na Matheka mnangoja, kwa kuwa Baba hawezi kupokea mbuzi wa mdogo kabla ya wa mkubwa. Lakini Machi Highfield ina michezo kila mwisho wa wiki, na Job hawezi kutoka. Tunaomba Aprili. Mwambie Baba kwa upole, akiwa ameshakula.

Jibu lako umpe Nzau. Huja na lori kushusha ndengu kule ghalani Industrial Area ninapoandika risiti. Simu tuiache, kama ulivyosema. Mpaka upande hadi dukani kwa Koki ndipo upate mtandao, na duka zima linajua siri zangu kabla hujasema "halo".

Dada yako mwenye furaha,
Mutheu (Bi. Wamalwa!)


Kilungu,
9 Machi 2025

Dada Mutheu,

Hatujambo. Mgongo wa Mwaitu umepata nafuu. Dawa alimpaka ndama. Ndama naye amepata nafuu. Baba nilimsalimia kama ulivyoagiza, akaniuliza, "Mutheu yupi?"

Barua yako ina kurasa sita. Nyasi zimechukua nne. Mimi na Matheka tumepata mistari miwili, karibu na mwisho, baada ya kisigino.

Nilimwambia Baba akiwa ameshakula. Nikasema shemeji ana kazi nyingi uwanjani, kwenye nyasi.

"Anafuga nini?"

"Hafugi, Baba."

"Basi nyasi ni za nani?"

"Ni za kupigia mpira. Na za kutazama."

Akasaga meno. "Malisho ambayo hayaruhusiwi kuliwa," akasema. "Na mwenye akili hizo ndiye amechukua mtoto wangu."

Hata hivyo amekubali. Jumamosi tarehe 26 Aprili. Ameshawatuma watu kuwaita wajomba, kwa hiyo si tarehe ya kuchezea. Matheka hasemi kitu, unamjua, anachonga tu. Anachonga vijiko, twiga, chochote kilicho mbele yake. Lakini mama yake ameanza kumtaja binti mmoja wa kanisani kwao kila wakipakua chakula. Jana alimsifu kwa jinsi anavyoosha masufuria. Unaelewa maana yake?

Nami nina swali moja, na ulijibu bila maua. Huo uwanja una nini ambacho hakuna kwingine? Maana nikingoja, angalau nijue ninangoja nini.

Mdogo wako,
Wavinya


Dandora,
30 Machi 2025

Wavi wangu wa thamani,

Salamu nyingi kuliko mchanga wa mto Thwake. Poleni na jua. Huku mvua imeanza kutisha. Mwambie Mwaitu nimejifunza kupika ingokho, kuku wa kwao Job, na mama mkwe aliyekuja kutoka Bungoma alikula, akaongeza, akasema, "Mkamba huyu anajua chumvi." Nililala nikitabasamu.

Sasa shangilia: Job amenunua mbuzi! Dume jeusi na majike mawili, kutoka soko la Kiamaiko. Tuliwaleta kwa miguu hadi Dandora, yeye mbele na kamba, mimi nyuma na kiboko nisichojua kukitumia. Mahali pa kuwaweka ndiyo ikawa taabu. Tukaamua paa la ploti, panapoanikwa nguo. Mama Clare, mwenye ploti, akatukuta kwenye ngazi.

"Wamalwa, hao wanaenda wapi?"

"Ni wageni, Mama Clare. Wa siku chache."

"Wageni gani wana pembe?"

"Ni wa ukweni."

"Kwa hiyo ndoa yako inakula suruali ya mpangaji wangu?" Tukageuka. Kweli, dume alikuwa na mguu mzima wa suruali kinywani.

Kwa hiyo amewapeleka Highfield. Binamu yake, Wekulo, ni mmoja wa wakata nyasi wa pale, na nyuma ya banda la mashine kuna nafasi. Hebu fikiria, Wavi! Mbuzi wa ntheo yangu wanalishwa nyasi zilizonyolewa kwa ajili ya mabingwa! Watafika Kilungu wanang'aa.

Ulitaka jibu bila maua. Hata mimi nilimuuliza, tena kwa hasira, maana nilikuwa nakanda chapati naye anachora mashimo ya gofu kwenye unga wangu.

"Job, kwani uzuri wa uwanja ni maua?"

"Maua hata makaburini yapo."

"Basi ni urefu."

"Barabara ya Mombasa ni ndefu. Umewahi kuona mtu anaipiga picha?"

"Basi sema, au utoe kidole kwenye unga!"

Akacheka. "Niambie shimo la nne likoje."

Nikamwambia, bila hata kufikiri: kijito kushoto, mti mmoja uliopinda kama mzee anayetafuta sindano, na shimo la mchanga ambalo hulioni mpaka ulifikie. "La tisa?" Nikamwambia. "La kumi na moja?" Nikamwambia. Nilijichukia.

"Umepita mara moja," akasema, "tena na kiatu kimoja. Kuna uwanja mwingine nimebeba begi misimu miwili. Ukiniuliza la saba na la nane, nachanganya. Uwanja mkubwa kila shimo lina uso wake."

Halafu akasema jambo lililonifanya niunguze chapati. Kuna mama mmoja mzee pale ambaye mpira wake hauendi mbali. Kwenye la kumi na nne yeye hupita kulia, kwenye uwanda mpana, polepole, na hufika. Bingwa anaweza kupita huko huko, lakini anaona ile njia fupi juu ya kijito na moyo unamvuta. "Uwanja mbaya humfungia mzee mlango," akasema. "Au humpitisha bingwa bila kumuuliza chochote. Ule wetu unamuuliza kila mtu swali, kulingana na nguvu zake. Na ardhi yenyewe ndiyo inauliza. Waliojenga hawakuleta kilima kwa lori. Walikikuta, wakakiheshimu."

Wavi, si hiyo ndiyo ndoa? Mimi nilimkuta Job alivyo na vilima vyake, nikamheshimu. Sawa, nimesema bila maua, lakini hili moja limeponyoka.

Tarehe 26 tutafika. Waambie wajomba wanoe visu.

Dada yako,
Mutheu


Kilungu,
Pasaka, 20 Aprili 2025

Dada,

Pasaka njema. Mwaitu anakusalimu, anaimba tangu asubuhi na amepaka ukuta wa mbele chokaa. Baba amechonga kigingi cha kumfungia dume na kukipiga ardhini mwenyewe, karibu na lango, ili kila apitaye akione. Tena jana alimwambia jirani, "Jumamosi nina wageni kutoka Bungoma," kwa sauti ya kusikika hadi kwa Koki.

Matheka atakuja kupasua kuni. Na mama yake amesema atapita "kusalimia". Anakuja kuona kwa macho yake kama kweli njia yangu imefunguka.

Sina neno jingine. Njooni mapema. Mpende shemeji baadaye, kwanza mpakie kwenye gari.

Wavinya


Dandora,
11 Mei 2025

Mpendwa Wavinya,

Natumaini nyote mko salama na mahindi yameshika. Huku mvua haikamatiki. Jirani yetu wa ghorofa ya chini ameamka na maji hadi kwenye magoti, tukamsaidia kubeba godoro. Job ni mzima. Jana aliniletea karanga za kuchoma ndani ya karatasi, zikiwa bado na joto, akazimenya zote yeye.

Kuhusu tarehe 26, mtusamehe. Mvua ilikuwa mbaya na barabara haikupitika. Nitamwandikia Baba mwenyewe nikipata nafasi. Kazi ni nyingi ghalani.

Mwaitu mgongo haujambo?

Mutheu


Kilungu,
25 Mei 2025

Mutheu,

Tumeamka. Hiyo ndiyo salamu.

Barabara haikupitika? Nzau aliipita Ijumaa akija na akaipita Jumapili akirudi. Nilimuuliza, "Nzau, kuna nini kwa Mutheu?" Akaangalia matairi. "Niulize habari za ndengu," akasema. "Hayo mengine niliapishwa." Nikamnyima chai. Ndipo akasema jambo moja: kwamba shemeji haendi kazini tena, kwamba mchana humkuta pale nje ya ghala anakungoja, na kwamba wewe ulimwambia afunge mdomo.

Acha nikwambie ulichokosa. Wajomba walifika mapema. Mwaitu alikuwa na sufuria mbili za uji. Baba alivaa koti, lile la harusi ya kaka, akaketi uso kwa lango. Gari likisikika mbali, anasimama. Likipita, anaketi. Mjomba Mwangangi akajaribu utani: "Labda mbuzi wanaoga." Hakuna aliyecheka. Baba aliketi pale mpaka kuku wakaingia bandani. Kisha akavua koti, akalikunja, akampa Mwaitu: "Liweke mbali."

Mama yake Matheka alikuwepo. Alinishika mkono wakati wa kuaga, akasema, "Pole, mwanangu," kwa sauti ile wanayotumia matangani. Matheka alipasua kuni hata baada ya watu wote kuondoka, kuni ambazo hazikuhitajika.

Sasa chagua. Uniambie ukweli, au usiniandikie tena kuhusu karanga.

W.


Dandora,
1 Juni 2025

Mdogo wangu,

Sina salamu za kupamba. Nilisoma barua yako ghalani nikaingia nyuma ya magunia. Nzau usimnyime chai, ni mimi niliyemwapisha.

Jumatano ile kabla ya ntheo mvua ilinyesha sana, na nyuma ya banda pakajaa maji. Wekulo akawahamishia mbuzi pakavu, akawafunga kwa kamba kuukuu. Alfajiri hawakuwepo. Wavi, kwenye uwanja wote ule, wenye kila aina ya nyasi, walikwenda kulala kwenye grini ya shimo la kumi na nne! Nyasi zile zimenyolewa fupi kama zulia, chini ni laini kwa mvua, na kwato zao ziliacha mashimo kila mahali. Dume alikuwa ameng'oa ukingo mzima, anatafuna akiwatazama walinzi kama mwanachama. Na Jumatatu iliyofuata ndiyo wakaguzi wa mashindano makubwa ya Agosti walikuwa wanakuja.

Meneja aliuliza ni mbuzi wa nani. Job akasema, "Ni wangu." Wekulo hakutajwa. Akaambiwa aondoke, asionekane mpaka aitwe.

Sasa sikia sehemu ambayo sikutaka uisikie. Mbuzi hawakupotea. Gari tulikuwa nalo. Tungeweza kuja. Job ndiye alimwomba msimamizi wa nyasi amruhusu atengeneze grini kwanza, kabla ya kuondoka. Alhamisi nzima, Ijumaa nzima, kwa magoti, akikata vipande vya nyasi kutoka kitaluni na kuvishona chini kama kiraka. Ijumaa jioni nikamwambia, "Job, acha sasa. Kesho ni Kilungu."

"Siwezi kusimama mbele ya baba yako nikiwa nimeacha kitu cha watu kimeharibika."

"Mbele ya baba yangu hutasimama kabisa!"

"Gofu inasema unacheza mpira pale ulipoangukia. Huuchukui ukaupeleka unapopenda."

"Mimi si mpira, Job!"

Jumamosi nilivaa nikaketi kitandani na begi miguuni mpaka jioni. Aliingia na matope hadi kiunoni, anatabasamu! "Mrembo, mpira unateleza tena pale," akasema. "Huwezi kujua walilala wapi." Nilimrushia kifuniko cha sufuria. Nilimkosa. Ndicho kitu cha kwanza kumrushia mume wangu, na nilisikitika kwamba nilimkosa.

Nilitaka kupiga simu dukani. Nikafikiria Koki akishika simu, na wateja wote wakisikia kwamba mimi nimeshindana na majani nikashindwa. Nikanyamaza. Nilidhani ukimya utakuwa mwepesi zaidi kuliko aibu.

Bado nampenda. Hilo ndilo linaniudhi kuliko yote.

Mutheu


Kilungu,
6 Julai 2025

Dada Mutheu,

Tuko salama. Mwaitu ameanza kuvuna ndengu, na mgongo umerudi.

Barua yako nimekaa nayo muda. Kisha nikafanya jambo ambalo huenda utanichukia kwa ajili yake: nilimsomea Baba. Yote. Hata kifuniko.

Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akauliza, "Walizila kweli hizo nyasi?"

"Walizila."

"Basi zinalika." Akainua kichwa. "Na alizitengeneza mwenyewe?"

"Mwenyewe. Kwa magoti."

"Na binti yangu akamrushia kifuniko."

"Alimkosa."

"Mama yenu hakunikosa," akasema, na Mwaitu akatoka nje haraka, mabega yakitikisika. Usidhani amesamehe. Alinyoosha kidole, akasema polepole ili nisisahau neno: "Mwambie huyo Wamalwa, kujua kurekebisha cha tajiri ni vizuri. Sasa aje arekebishe cha kwangu. Jumamosi ya kwanza ya Agosti, na sitawaita wajomba mpaka nione pembe langoni. Asipokuja, Mutheu arudi nyumbani na nguo zake, niseme sina mkwe. Na wewe Wavinya, mbuzi wako nitawazungumzia mwaka mwingine, nikipoa."

Mama yake Matheka amesema mwaka mwingine yeye hangoji. Matheka alisimama mbele yake, mtu ambaye huwa hasemi, akasema, "Mama, nitangoja mpaka Agosti." Alisema mpaka Agosti, dada. Hakusema zaidi ya hapo, na simlaumu.

Nimechoka kukasirika. Nimekasirika kwa niaba ya watu watatu tangu Aprili. Mwaka huu ni wako wote. Uniachie tarehe hii moja.

Wavinya


Salama, kando ya barabara ya Mombasa,
Ijumaa, 1 Agosti 2025

Wavi,

Barua hii nitakupa mkononi, kwa maana Nzau aliyezoea kuzibeba ananibeba na mimi leo. Nikifika nitazungukwa na shangazi zetu, sitapata nafasi ya kukwambia. Isome nyuma ya ghala la mahindi. Hati ni mbaya kwa sababu naandikia gotini.

Mashindano makubwa yalianza jana. Ndiyo, wiki hii hii. Mimi nilijua Jumatano tu, Job alipoingia akasimama mlangoni, haketi. Klabu imemwita arudi. Abdirizak, kijana wa Eastleigh aliyeanza kwa kubeba begi pamoja naye na sasa ni mchezaji, amepata nafasi kati ya mabingwa, na alisema hamtaki kedi mwingine. Siku nne. Alhamisi mpaka Jumapili.

Wavi, nilitaka kupiga ukelele wa kusikika mpaka Mukuru. Miezi sita! Nilifungua kinywa. Kisha nikakumbuka niliwahi kumuuliza: mchezaji akisimama pale, hajui apite juu ya maji au azunguke, kedi hufanya nini? Akanijibu, "Namwambia umbali. Namwambia upepo. Halafu nanyamaza. Nikisukuma, mchezo si wake tena."

Basi nikamwambia, "Nzau anaondoka ghalani Ijumaa mchana. Baba anangoja Jumamosi. Akikukosa, narudi kwetu, na Wavinya anampoteza Matheka." Halafu nikaenda kuosha vyombo. Sijawahi kunyamaza hivyo maishani mwangu. Nilikiosha kikombe kimoja mpaka ua lake likakaribia kutoka.

Jana alimbebea Abdirizak begi. Alirudi anaimba, walicheza vizuri. Leo asubuhi aliondoka hajaniambia anakwenda wapi, nami sikuuliza. Chai ilikuwa imefunikwa.

Saa saba lori lilikuwa limejaa mbolea, Nzau anapiga honi, mimi nina nguo zangu zote kwenye begi. Zote, Wavi. Ndipo walinzi wa lango wakaanza kucheka. Nikatazama: Job, ndani ya suti, kati ya malori, anamvuta yule dume aliyekuwa akifugwa kwa Wekulo kule Mukuru kwa Reuben, na majike nyuma, na mwanambuzi mmoja begani. Jike mmoja amezaa.

"Mko wangapi?" Nzau akapaza sauti.

"Hesabu baadaye! Fungua nyuma!"

Nikamuuliza, "Begi umemwachia nani?"

"Wekulo."

"Wekulo anajua mteremko?"

"Anajua kukata nyasi," akasema, akanipa mwanambuzi nimshike.

Njia nzima ameketi pembeni yangu, simu mkononi, anatazama mlia mmoja wa mtandao ukija na kwenda. Tulipofika hapa Salama akagonga bati la mlango. "Nzau, simama. Tukipanda milima sitapata tena." Nzau akasema mbolea haingoji, nami nikasema mbuzi hawangoji, na nilikuwa na mengine mengi ya kusema, maana nimekaa nayo tangu Jumatano. Ameshashuka. Amesimama hapo karibu na wauza nyanya, mkono mmoja umeziba sikio, na dume anampigia kelele. Huyu ndiye niliyeolewa naye. Hata siku ya kunitolea mbuzi, roho yake iko kwenye nyasi.

Amekata simu.

Amekuja dirishani. Anasema Abdirizak alikuwa anakwenda vizuri mpaka la kumi na saba. Pale upepo hugeuka alasiri. Miti bado inainama upande huu, lakini upepo wa juu unavuma upande ule. Wekulo hakujua. Mpira ukaenda vichakani, na wa pili pia. Abdirizak ametolewa, maana wa chini huondolewa baada ya siku ya pili. Hachezi kesho.

"Wewe ungemwambia?" nimemuuliza.

"Ningemwambia."

Nilikuwa nimejaa maneno. Nimesogea nimpe nafasi kati yangu na Nzau. Ametikisa kichwa, amelegeza tai, amepanda nyuma kwa mbuzi. Namwona kwenye kioo, ameketi juu ya gunia, anamkinga mwanambuzi na upepo kwa koti la suti.

Nzau anawasha lori. Mwambie Baba awaite wajomba.

Mutheu